Mwaliko wa wiki tatu Bristol: jinsi binti wa dada yangu alivyoipata viza yake

Ilikuwa katikati ya Julai 2025, jioni, binti wa dada yangu akaja nyumbani kwangu mtaa wa Sakina, Arusha, na laptopu begani na karatasi mkononi ameshaiprinti. "Shikamoo mama mdogo, soma hii." Sijamaliza hata kuitikia marahaba yuko ananisimamia kichwani anasoma na mimi.

Imeili ilitoka kampani ya filamu ya Bristol, Uingereza. Kwa asiyejua, Bristol ndo mji wa filamu za wanyama, BBC waliweka kitengo chao cha filamu za viumbe pale tangu 1957 na kampani ndogondogo zimeota kukizunguka kama vibanda vinavyozunguka stendi. Hawa walikuja kushuti upande wa Longido habari za simba na wafugaji, binti yetu akafanya nao kama mkalimani wa Kimaa, lugha ya Wamaasai, na msaidizi wa kamera, sasa wanataka aende akae nao chumba cha kuediti wiki tatu kuanzia tarehe 1 Septemba, pauni 180 kwa siku, siku 15, yaani pauni 2,700, na nauli na pa kulala juu yao.

Na walimtaka kwa sababu ya msingi kabisa. Alinifungulia kipande kimoja, mzee amekaa nje ya boma anaongea taratibu, tafsiri chini inasema simba ni adui yetu na tutawamaliza, kata, picha inaruka kwa simba. Binti akarudisha ile faili ya mwanzo ambayo haijakatwa, akaniwekea hedifoni, mzee anaendelea palepale bila hata kuvuta pumzi: hivyo ndivyo tulivyokuwa tunasema tulipokuwa morani. Yaani aliyeediti hajui Kimaa, kasikia kituo ambacho sio kituo, akamkata mzee katikati, na mzee wa watu angeonekana dunia nzima kama muuaji wa simba wakati alikuwa anasimulia alivyoacha. Binti alikuwa karibu kulia. Kwahiyo hii haikuwa safari ya kwenda kuona theluji, kulikuwa na kazi ya kweli na alikuwa na haki ya kuifanya na kulipwa, na mimi nilitaka aifanye.

Shida ni kwamba alikuwa ameshaanza kujaza fomu. Wakala mmoja hapa mjini alimwambia andika utalii, sema unaenda kumtembelea rafiki, wiki tatu ni chache nani atajua, na usiitoe ile imeili. Kwenye sababu ya safari alikuwa ameshaweka utalii, bado kulipia tu. Nikamwambia mwanangu funga hiyo laptopu tunywe chai kwanza.

Niseme nilipotokea. Nimefanya kazi ofisi za safari hapa Arusha miaka mingi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa makaratasi ya wageni wanaoingia. Na kwetu swali ni hilihili. Mgeni wa kutalii analipia viza ya dola 50, lakini anayekuja kwa kazi ya muda mfupi, fundi wa kufunga mashine, mtu wa kutoa mafunzo ya siku chache, huyo anatakiwa achukue viza ya biashara ya dola 250 ya siku zisizozidi 90. Nimeona wageni wanaoshuka uwanja wa ndege wa KIA na viza ya utalii na masanduku ya vifaa vya kazi, wanaeleza na jasho linawatoka. Kwahiyo najua afisa anawaza nini, hahesabu siku zako, anaangalia unakuja kufanya nini. Vijana wetu wengi wanaanzia kwenye siku, "ni wiki mbili tu", "ni siku kumi", wakati siku ni jambo la mwisho kabisa.

Tukaanza na lile la wakala ili tulimalize. Ukidanganya kwenye maombi ya viza ya Uingereza na wakagundua, hutapoteza ile ada peke yake, unaweza kufungiwa viza yao miaka 10. Binti ana miaka 26. Nikamwambia hesabu mwenyewe utakuwa na miaka mingapi, na fomu nyingi za nchi nyingine utakazojaza huko mbele zitakuuliza umewahi kukataliwa viza. Na uongo wenyewe ni mwepesi kushikika, ile kampani ina mikataba yenye jina lake, mpakani afisa anaweza kukuuliza maswali na kukagua mizigo, anakuta hadidisiki mbili za filamu kwenye begi la mtu anayesema kaja kuona daraja. Binti akanyamaza, halafu akasema jambo ambalo lilinigusa sana: "mama mdogo, mi nilidhani kusema kweli ndo kunanyimisha viza." Naamini wengi wanafikiri hivyo, na mawakala wanakula hapohapo.

Haya, sasa viza gani. Usiku ule tulisoma kanuni za Uingereza zenyewe kwenye tovuti ya serikali yao, sio za kusimuliwa.

Ya kwanza ni Standard Visitor, viza ya mgeni ya kawaida, mpaka miezi 6, ada wakati ule pauni 127, laki nne na kitu kwa hela yetu. Hii watu wanadhani ni ya utalii tu, kumbe ndani yake kuna orodha ndefu ya mambo ya kikazi yanayoruhusiwa: kuhudhuria vikao na semina, kujadili na kusaini mikataba, kutembelea sehemu ya kazi kuikagua. Lakini huruhusiwi kufanya kazi kwa ajili ya kampani ya kule wala kujiajiri kule, na huruhusiwi kulipwa na mtu wa Uingereza kwa ulichokifanya ukiwa Uingereza, isipokuwa gharama za kawaida za safari na kujikimu. Kuediti siku 15 chumbani kwao kwa pauni 180 kwa siku ni kazi, hata uipambe vipi. Hapo imeili yao kama ilivyoandikwa ikawa imegonga ukuta.

Binti akaniambia kuna kitu cha waandaaji wa filamu, amesoma kundini. Ni kweli kipo, timu ya filamu inaweza kwenda kushuti Uingereza kwa viza ya mgeni, lakini lazima waajiriwe na kampani ya nje na filamu yenyewe itengenezwe na kugharamiwa kutoka nje. Ya kwetu ilikuwa kinyume chake, hela ya Bristol, kampani ya Bristol. Nimeona mtu akishikilia mstari mmoja wa kanuni kwa sababu una neno "filamu" ndani yake, usifanye hivyo, soma mpaka kwenye nukta.

Ikaja ya shughuli maalum za kulipwa, wanaita Permitted Paid Engagement. Hii zamani ilikuwa viza ya peke yake ya mwezi mmoja, tangu 31 Januari 2024 imeingizwa ndani ya Standard Visitor. Inamruhusu mtu alipwe, ila ni watu wa aina fulani tu, mfano mhadhiri mtaalamu aliyealikwa, mwanasheria, mwanamichezo, msemaji kwenye kongamano, na msanii au mwanamuziki aliyebobea aliyealikwa na taasisi ya sanaa, wakala au kituo cha utangazaji cha kule. Shughuli iwe imepangwa na kuandikwa kabla hujasafiri na uimalize ndani ya siku 30 tangu uingie. Hapa tulibishana mpaka chai ikapoa. Binti anasema kuediti ni sanaa na kampani ya filamu ni taasisi ya sanaa. Mi nikasema angekuwa kaalikwa kuimba au kuonyesha filamu yake mwenyewe ningemwambia twende, hata kijana wa Moshi mwenye bendi akialikwa tamasha huko mlango wake ndo huu. Lakini wiki tatu za kukaa kwenye kazi ya kila siku ya kutengeneza filamu, unaripoti saa tatu asubuhi na kutoka jioni, hiyo ni ajira kwa macho ya mtu yeyote. Labda afisa mmoja angekubali na mwingine akatae, na mimi siweki jina la mtoto kwenye labda.

Ya kazi hasa, iliyolingana na ile imeili neno kwa neno, ni Creative Worker. Ni viza ya kazi ya muda kwa watu wa sanaa na filamu, mpaka miezi 12. Nilivyoiona nilifurahi, halafu nikasoma masharti. Mwajiri lazima awe na leseni ya kudhamini, akupe cheti cha udhamini, na aweze kueleza kwanini kazi hiyo hakupewa mtu wa hukohuko, na hapo Kimaa kingetubeba vizuri. Ada ya viza kipindi kile ilikuwa pauni 319, cheti pauni 55 kwa mwajiri, na wewe uwe na pauni 1,270 zimelala akaunti siku 28 mfululizo, zaidi ya milioni nne, au mwajiri aseme atakubeba. Vyote vinazungumzika. Nikaandika imeili usiku uleule kuuliza swali moja: mna leseni? Kesho yake mchana prodyuza akajibu kwa upole kwamba hawana, wako watu watano tu, hawakujua hata kama inatakiwa. Leseni yenyewe kipindi kile ilikuwa pauni 574 kwa wadhamini wa kazi za muda na inaweza kuchukua hadi wiki 8. Tulibakiwa na wiki 7 kabla ya tarehe 1 Septemba, na viza bado haijaombwa.

Hapo wengi ndo hukata tamaa au hurudi kwa wakala. Mi nikaanza kuangalia kazi yenyewe badala ya viza. Nikamuuliza binti, hebu niambie saa kwa saa utafanya nini kule. Akasema siku za kwanza kuangalia filamu yote na mwongozaji, kuelewana hadithi inaenda wapi, wapi tafsiri imeharibika, kukutana na mtu wa sauti. Baada ya hapo ni kukaa na hedifoni, kuandika tafsiri upya, kuweka alama za muda, kukata na kuunga. Nikamuuliza hiyo ya pili inahitaji Bristol? Akafikiri. "Hapana, inahitaji hadidisiki na umeme."

Na kwenye ile orodha ya mgeni kuna kipengele nilichokuwa nimekipita haraka mara ya kwanza: mgeni anaruhusiwa kwenda kuelezwa mahitaji ya mteja aliyeko Uingereza, mradi kazi ya huyo mteja ifanyikie nje ya Uingereza. Nilikisoma mara tatu. Hiki kipengele wafrilansa wa kwetu, wanaofanya kazi kwa kujitegemea, wangekijua wangepumua, maana kazi nyingi za siku hizi za kuediti, kutafsiri, kuchora, kuandika programu, zinagawanyika hivyohivyo, kuna sehemu ya kukaa pamoja na kuna sehemu ya kuchapa kazi, na hiyo ya pili ukiwa mezani kwako Ngarenaro huhitaji viza ya mtu.

Nikamrudia prodyuza na pendekezo, na hapa nashauri muandike nyie wenyewe msisubiri mteja ajue, maana mteja anajua filamu hajui viza. Aje siku 6, vikao, kuangalia filamu, kupokea maelekezo, nyie mnalipa nauli na hoteli na chakula. Kazi ya tafsiri na kuediti siku 12 ataifanyia Arusha na ataleta invoisi kutoka Arusha. Akakubali haraka ila akateleza kidogo, akasema basi kwa kuwa yuko nyumbani bei iwe pauni 110. Hapa nilikasirika na sikuficha. Sikio lake ni lilelile, Kimaa ni kilekile, na umeme na intaneti analipia yeye. Binti aliogopa nitaharibu dili lakini nilimwambia aandike kwa adabu na asishuke. Wakabaki 180. Siku 12 ni pauni 2,160, imepungua kwenye ile 2,700, lakini ni hela halali anayoweza kumuonyesha mtu yeyote.

Barua ya mwaliko tuliikataa mara mbili. Ya kwanza ilisema "atakuja kufanya kazi na timu yetu", prodyuza hakuona ubaya, kwake ni lugha ya kawaida. Ya pili ilisema "atashiriki katika kuediti". Ya tatu ndo ikasema ukweli wa mpango wetu: tarehe, vikao vya siku gani na gani, kwamba anakuja kupokea maelekezo kama mtoa huduma wa kujitegemea wa Tanzania, kwamba kazi yote ya kulipwa itafanyika Tanzania baada ya kurudi, na kampani inabeba nauli na malazi. Naomba tuelewane, hatukubadilisha maneno ili kuficha kazi, tulibadilisha kazi kwanza ndo maneno yakafuata. Ukigeuza maneno peke yake umerudi kulekule kwa wakala.

Upande wake tulikusanya TIN, leseni ya biashara, mikataba miwili ya wateja wa hapa Arusha wanaomsubiri Septemba hiyohiyo, invoisi za nyuma, statimenti ya benki ya miezi 6. Karatasi yoyote ya Kiswahili iambatane na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa, msisahau hilo. Baba yake mkubwa kwa nia njema akataka kumuingizia milioni tano ili akaunti ionekane imenona. Nikamshukuru na nikamuomba asiingize. Hela inayotua ghafla wiki moja kabla ya maombi na haina maelezo inatia shaka kuliko akaunti nyembamba yenye mzunguko wa kweli, na sisi tulishakuwa na barua inayosema nani analipa nini.

Akalipia onlaini, akapata miadi ya alama za vidole Dar, akapanda basi la alfajiri na bahasha kifuani siku nzima, Moshi, Same, Korogwe, Chalinze. Muda wao wa kawaida ni wiki 3 baada ya miadi, na jibu lilikuja ndani ya wiki ya tatu. Sitasema nililala vizuri zile wiki. Viza ikatoka.

Heathrow afisa alimuuliza umekuja kufanya nini, akajibu vilevile ilivyo kwenye barua, akaulizwa kazi utafanyia wapi, akasema nyumbani Arusha, akaulizwa nani analipa hoteli, akatoa barua. Dakika tatu hivi. Anasema mikono haikutetemeka kwa sababu hakuwa na cha kukumbuka zaidi ya ukweli.

Mtihani ulikuja siku ya nne. Wamefika kwenye kipande cha yule mzee, mwongozaji akamsogezea kiti na kipanya, "hebu turekebishie hiki sasa hivi, dakika kumi tu." Si mtu mbaya, alikuwa na furaha tu. Binti akamwambia naomba nikiandike, nitakutumia kikiwa tayari kutoka nyumbani. Akaandika daftarini mzee anaanzia wapi na anaishia wapi, hakugusa kibodi. Jioni hotelini alijibu imeili za mteja wake wa Arusha, na hiyo haina shida, tangu hiyohiyo 31 Januari 2024 mgeni anaruhusiwa kuendelea kidogo na kazi zake za kwao kwa mbali mradi sio hizo zilizomleta. Lakini mteja wa Bristol hawezi kuwa "kazi ya kwao" wakati umekaa Bristol, hapo pasikuchanganye.

Kwa mnaowaza kwenda Ujerumani au Ufaransa, kanuni ni zao, msichukue hizi za Uingereza mkazipeleka kule. Viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zikiwemo hizo mbili, ya muda mfupi ni siku 90 ndani ya kila siku 180, ada euro 90 tangu Juni 2024, bima isiyopungua euro 30,000, na inakupa ruhusa ya kuingia na kukaa, ruhusa ya kufanya kazi inaamuliwa na sheria ya nchi husika. Na msidhani hapo mpakani Namanga ni tofauti sana, Mtanzania anavuka kwenda Kenya bila viza, lakini kazi ya kulipwa Nairobi inataka pasi au kibali cha huko, kuvuka bure sio kufanya kazi bure.

Binti alirudi Septemba 7. Siku zile umeme ulikuwa unakatika jioni, akawa anafanya kazi usiku wa manane na asubuhi anaapload, na mdogo wake akilala pembeni ya ile hadidisiki kama anaichunga. Kipande cha mzee ndo alichokimaliza cha kwanza. Sasa mzee anasema sentensi yake yote, na picha haikati mpaka amefunga mdomo.

Invoisi ya pauni 2,160 iliandikwa Arusha ikalipwa Arusha. Prodyuza ameniandikia juzi kwamba wameanza kuomba leseni ya kudhamini, kuna filamu nyingine na safari hii wanataka akae miezi miwili chumbani kwao kabisa, kwahiyo itakuwa Creative Worker, na binti ameshatenga zile pauni 1,270 mapema ili siku 28 zianze kuhesabika.